Neno mu Kinywa ya Sultani

Mitwaba, tarehe 7 Novemba 1954

Kwa ndugu yangu mudogo Rigobert,

Ninakusalimia mu jina ya Bwana wetu, weye na bibi yako Brigitte na batoto bote. Kama munauliza juu yetu, siye tuko, tunapumua. Mvua ya kwanza imeanguka. Tumepanda mahindi ku ngambo ya muto, na nguruwe ya pori imekwisha kuchimbua mistari mizima mbele mbegu haijaota. Mama mukubwa Edith anaumwa magoti, lakini mudomo yake haiumwe, anatutukana kila asubuhi sawa zamani. Mission imepata Padri mupya, kijana sana, anasema Kiswahili ya mu kitabu mupaka bantu banaenda kucheka nyuma ya kanisa. Adalbert, mutoto yangu wa mwisho, amenipita urefu. Akimaliza kula bukari yake anaangalia sahani ya wengine.

Sasa jambo yenyewe. Ni juu ya mutoto yangu Kalenga.

Unajua alikuwa anaandika kila mara kamyo inapanda huku. Barua ya mwisho ilikuja mbele ya majani kuchomwa. Alisema amepata kazi ya kupanda juu, ku nyumba kubwa inajengwa ku uwanja ya posta, na kutoka kule juu anaona dirisha ya biro yako, anakupungia mukono. Kisha kimya. Nimeuliza bashofere. Mumoja anasema Élisabethville ni kubwa. Mwingine anacheka tu, anasema kijana akipata viatu anasahau njia ya kwao.

Bakwabo Annie, jamaa ya muchumba wake, balikuja tena juzi. Binti yao amengoja, na sasa fundi mushoni wa pale soko anabisha ku mulango yao. Banataka neno moja tu: Kalenga anakuja, ao hakuji? Ninabajibu, mujomba yake iko kule, atatuambia. Basi niambie, Rigobert. Anaumwa? Bamemufunga? Ameoa bibi ya mujini? Nitalia, kisha nitanyamaza, miye si mutoto. Tangu baba yao alipotutoka nimezoea kumeza bichungu. Lakini hii kimya siwezi kuimeza.

Nimesikia sultani wetu Mumba ameitwa na bazungu kushuka Élisabethville na masultani bengine, eti babaonyeshe muji. Pengine mutaonana. Mukaribishe muzuri, ni mukubwa wetu hata kama anapenda kusifiwa.

Miye yaya yako, dada yako mukubwa,
Hortense


Élisabethville, tarehe 12 Desemba 1954

Yaya Hortense,

Miye mudogo yako ninapiga magoti mbele yako na mbele ya Mama mukubwa Edith. Barua yako ilinifikia juma hii. Brigitte anakusalimia, amezaa mutoto mwanamuke, tumemuita jina yako, sasa uko na mwenzako huku, na analia na nguvu sawa weye. Mutoto wetu wa kwanza amepata homa. Huku mu cité, mutaa ya beusi, mvua imeingia mu nyumba za bantu mingi, yetu pia. Tunalala upande moja ya chumba.

Nikuambie kazi yangu imeongezeka. Tangu zamani ku biro ninageuza luga. Sasa masultani banapoletwa kutoka ndani ya inchi, ni miye ninabatembeza mu uwanja ya posta. Njia haibadilike. Tunashuka mu kamyo mbele ya posta. Muzungu anatangulia na fimbo yake, masultani banafuata, miye katikati sawa mutu wa kuchunga mbuzi. Ku posta anaonyesha saa ya ku ukuta, anasema hapa wakati haipotee. Kisha banki: tunaiangalia kutoka ngambo ya barabara, maana muntu mweusi hasimame ku mulango ile bila sababu. Kisha nyumba ya sheria, na ngazi zake za mawe. Masultani banapenda kupanda ngazi ile, lakini hapana ruhusa. Kisha tunageuka, tunapita chini ya miti ya maua ya buluu, tunarudi ku kamyo. Uwanja iko na pande ine. Siye tunatembeza tatu.

Sultani Mumba alifika. Alivaa ngozi ya chui juu ya koti ya sufu, na jua ilikuwa kali, nikamuhurumia. Muzungu aliposema habari ya saa, sultani akaniuliza na Kiluba: «Bale balijenga hizi nyumba, banalala wapi?» Nikamuambia muzungu: anasema ni nzuri sana. Ku banki akauliza tena: «Kiwanja kikubwa hivi, na hakuna muntu amekaa chini kuzungumuza. Beko na matanga?» Nikamuambia muzungu: anasema ni safi sana. Muzungu alifurahi. Unaona vile kazi yangu iko. Ninalipwa juu ya kusema maneno yenye haikusemwa.

Yaya, uliniuliza juu ya Kalenga. Nimekusikia.

Unajua desturi yetu kunipita. Kuna neno yenye karatasi haiwezi kubeba. Inataka muntu mukubwa ao muntu wa damu. Anaingia, anakaa chini ku mukeka, anapewa maji, anakunywa, kisha anafungua kinywa. Baba alitufundisha hivyo, na siwezi kukutendea sawa muntu wa njiani. Miye mwenyewe nimeomba ruhusa ya kupanda Mitwaba. Nimeomba tena na tena. Mukubwa wa biro anasema kazi ya masultani haijaisha, na bila karatasi yake nitakamatwa mbele sijafika ku Jadotville. Nilitafuta muzee wa kwetu mwenye anarudi, sikumupata.

Basi muzungu alipoingia mu duka kununua tumbako, nilimukamata sultani mukono. Nilimupeleka ku upande ya ine, nikamuonyesha, nikamuambia yote. Alishika kifua. Alisema: «Nitaingia kwa Hortense mbele niingie kwangu.» Neno iko mu kinywa yake sasa, na ni kinywa ya sultani.

Akifika, usimupokee ukisimama. Kaa chini. Ita Mama mukubwa Edith akae karibu yako. Kwa bakwabo Annie usiseme kitu mupaka umesikia.

Sina nguvu ya kuongeza.

Mudogo yako,
Rigobert


Mitwaba, tarehe 30 Januari 1955

Rigobert, mudogo yangu, baba ya Hortense mudogo,

Salamu mingi sana, na kwa mwenzangu mupya busu ku kichwa. Mulifanya muzuri kumuita jina yangu, lakini mumufundishe kulia kidogo, miye nililia kwa bote wawili. Mahindi yamesimama. Nguruwe ilikamatwa mu mutego ya Adalbert, tulikula mupaka mbwa pia zilichoka. Magoti ya Mama mukubwa yamepona na sasa anatembea kututukana mu nyumba za jirani.

Barua yako ilichelewa, daraja ilibebwa na maji. Sultani alifika mbele yake. Na kweli, aliingia kwangu mbele aingie kwake. Nilimupa mukeka, nikamupa maji, akakunywa yote. Mulango ilijaa bantu. Akafungua kinywa, akasema: «Hortense, mutoto yako nimemuona na macho yangu. Iko muzima. Amenenepa. Amevaa viatu.»

Rigobert, nilipiga kigelegele mupaka sauti ilikatika. Ile siku hatukulima. Tulichemusha pombe ya munkoyo, bantu balicheza mu kiwanja yangu mupaka mavumbi ikapanda. Sultani alikaa katikati na koti mupya yenye bazungu balimupa, akatueleza muji yote: saa ya ku ukuta, ngazi ya mawe, miti ya buluu. Anasema ni muji ya bantu benye bahati, na kijana mwenye mikono asikae huku kugombana na nguruwe.

Kisha barua yako ikafika. Niliisoma mara mbili. Nilienda kwa sultani, nikamuuliza: mbona ndugu yangu anaandika hivi, nikae chini, nisiseme kitu? Alicheka. Alisema weye umekuwa muntu wa biro, hata kikohozi unakitangaza sawa hukumu. Neno nzito ni hii: Kalenga ametia kidole ku kontra ya kazi ya miaka mitatu, hatapanda huku upesi, na weye uliogopa nitavunjika moyo. Nikamuuliza tena, na mbona haandiki mwenyewe? Anasema saruji ilikula vidole vyake kidogo, itapona.

Weye kweli. Miaka mitatu ni kitu ya kunikalisha chini? Unapenda siri tangu utoto, ulikuwa unaficha hata karanga. Ungeniambia tu.

Bakwabo Annie bamekubali. Neno ya sultani iliwatosha. Tumepeleka mbuzi, na binti amekwisha kuingia mu nyumba yangu, ninamufundisha kupika sawa miye. Ni mutoto mupole, anaamuka mbele yangu kuchota maji, anaimba akitwanga. Kamyo za wakati ya kiangazi zikianza, tutamupeleka huko kwa bwana yake. Mutafutie nafasi ya kulala.

Adalbert pia moto inamuwaka. Sultani anakusanya bijana ba kazi ya mujini, kuna kamyo itakuja kubabeba. Nimemuambia angoje tuvune. Lakini anasema kaka yake iko juu anaona muji yote, na yeye anaona mukia ya mbuzi tu.

Usiku sijalala muzuri siku hizi. Ni joto tu ya mvua.

Miye yaya yako mwenye furaha,
Hortense


Élisabethville, tarehe 27 Februari 1955

Yaya Hortense,

Ninakusalimia. Huku watu bote beko.

Barua yako niliisoma nimesimama ku mulango ya posta, na nikakaa chini pale pale ku ngazi, mupaka polisi akakuja kunifukuza. Yaya, sultani amekudanganya. Leo ninavunja desturi ya baba, anisamehe kule aliko. Tafuta Mama mukubwa. Usisome peke yako.

Kalenga amekufa.

Alikufa mwaka jana mwezi ya nane, wakati ya upepo. Ile nyumba banajenga ni ku upande ya ine ya uwanja, ile yenye hatutembezi. Bafanyakazi banasimama juu ya mabao yamefungwa na kamba, na kamba ilikuwa imezeeka, bote balijua, balisema, bakajibiwa eti muntu mwenye kuogopa arudi kwao. Ile asubuhi nilikuwa ku dirisha. Alinipungia mukono sawa kila siku, nikamupungia. Upepo ikakuja na mavumbi, na mavumbi ilipotoka, mabao hayakuwa pale. Nilivuka uwanja mbio. Nilipita ku mulango ya banki, nilipita mu majani ya bazungu, hakuna muntu alinisimamisha.

Nilimukuta anapumua. Alinijua. Aliniita mujomba. Nilimushika mupaka ikaisha, na haikuwa muda mrefu. Hakusema neno lingine, Yaya, siwezi kukutungia.

Tulimuzika ku makaburi ya beusi. Padri alikuja, alimuombea muzuri. Niliweka musalaba ya mbao na jina yake. Brigitte aliosha mwili na mikono yake, hakukubali muntu mwingine aguse. Kesho yake, ku mabao mapya, bijana bengine balikuwa bamekwisha kupanda. Na ku biro mukubwa akaniambia: tangu leo masultani ukibatembeza, geuka mbele ya pembe ile. Nikageuka. Kila mara ninageuka. Siku nyingine ninageuka kabisa mupaka ninafika nyumbani ndipo ninakumbuka nilifanya nini.

Sultani nilimupeleka pale. Alisimama juu ya mawe yale yale. Alinishika mabega akasema pole. Sijui ni koti ao ni woga ao ni bijana bale bazungu banamuomba. Nilifikiri neno iko salama mu kinywa yake, na hata nilianza kulala usingizi, nikisema sasa yaya anajua, sasa yaya analia na bantu bake, si peke yake. Na weye ulikuwa unacheza.

Yaya, rudisha binti ya bantu kwa bakwabo. Bwana yake iko mu udongo.

Na Adalbert asipande ile kamyo. Mufunge mu nyumba kama inapaswa. Mwambie miye mujomba yake nimekataza. Jengo haijaisha, na banatafuta bijana bepesi ba kupanda juu.

Nimeomba ruhusa tena leo.

Rigobert


Mitwaba, tarehe 14 Aprili 1955

Kwa Rigobert, ndugu yangu mudogo, na Brigitte mwenye aliosha mutoto yangu,

Ninabasalimia. Mavuno ya mahindi ni mazuri mwaka hii. Mama mukubwa Edith iko. Pasaka imepita muzuri, Padri mudogo amejifunza kusema kidogo sawa bantu.

Barua yako iliingia mission siku ya Matawi. Adalbert alikuwa amekwisha kupanda kamyo mwezi moja mbele. Sikumufunga. Miye mwenyewe nilimukaangia karanga za njiani.

Niliisoma na Mama mukubwa karibu yangu, sawa ulisema. Yeye hakupiga kelele. Aliniambia: twende kwa sultani. Aliamuka na magoti yake, tukaenda. Alikuwa amekaa mu baraza, na bazee, na baba za bijana bale balipanda kamyo. Niliweka barua mbele yake. Nikamupa kikombe ya maji, nikasema: kunywa tena, sultani, kisha urudilie neno yako. Hakukunywa. Alisema: «Nilisema nilichosema. Hii karatasi inatoka ku bazungu, muntu yeyote anaweza kuandika.» Nikasubiri muntu aseme kitu. Bote baliona kikombe. Baliangalia chini, kila muntu na mutoto yake mu kamyo ile. Ningekuwa miye, pengine ningeangalia chini pia.

Banasema njia ya muongo ni fupi. Hii ya kwake ni ndefu, na ni siye tunaitembea.

Sasa sikia vile niko. Hakuna matanga, Rigobert. Sultani alisema na kinywa eti iko muzima, karatasi inasema amekufa, na mu kijiji hii kinywa ya sultani inapita karatasi. Hakuna mwanamuke amekuja kulala chini na miye. Hakuna muntu amezima moto yake. Nikinyoa kichwa, batasema ninamuloga mutoto yangu mwenye iko hai. Bakwabo Annie banakataa kumupokea binti, banasema ninatafuta njia ya kurudishiwa mbuzi. Kwa hiyo ninalima. Ninapika. Nikitaka kulia ninaenda ku muto na nguo za kufua. Annie nilimuambia yote, alinisikiliza, kisha akaniuliza: «Mama, na kama sultani ndiye anasema kweli?» Anaendelea kutwanga na kuimba. Miye pia, asubuhi, mbele macho haijafunguka muzuri, ninamuamini yule sultani.

Uliandika muzuri. Usijute desturi. Baba angekusamehe, na miye sina cha kukusamehe. Lakini ninakuomba kitu moja, na usiniambie habari ya mukubwa wa biro.

Toka ku biro yako, vuka uwanja, nenda ku upande ya ine. Angalia juu. Adalbert iko na alama ya moto ku shavu ya kuume, utamujua, ni murefu. Mwite ashuke. Kama ametia kidole ku kontra, ashuke hivyo hivyo. Mupeleke ku kaburi ya kaka yake, aguse musalaba na mukono yake. Kisha umurudishe, na kamyo, na miguu, usiku, bila karatasi, namna yote. Yeye ni muntu wa damu. Akiingia hapa akakaa ku mukeka, akakunywa maji, akasema, hakuna sultani atafunga kinywa yake, na bantu batakuja, na nitamulilia Kalenga yangu sawa muntu analiliwa.

Ninamungoja. Kila kamyo ninatoka ku barabara.

Na kama ukifika pale umekuta umechelewa, Rigobert, usiniandikie. Mara moja inatosha. Niache niendelee kutoka ku barabara.

Miye yaya yako, mama ya Kalenga na ya Adalbert,
Hortense